Fahamu Stahiki za Mfanyakazi Ajira Inapositishwa na Namna ya Kuzikokotoa

Barua ya kusitisha ajira mara nyingi hufika ikiwa imeambatana na karatasi ya pili yenye jumla ya fedha anazolipwa mfanyakazi na nafasi ya kuweka saini. Wapo wanaosaini siku hiyo hiyo kwa kuwa kiasi kilichoandikwa kinaonekana kikubwa kuliko mshahara wa mwezi mmoja. Wapo pia wanaokataa kwa kuwa walitarajia zaidi. Katika hali zote mbili, swali la msingi mara nyingi halijaulizwa: je, kiasi hicho kimepatikanaje?

Kwa upande wa Tanzania Bara, jibu la swali hilo linapatikana katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Sheria hiyo, katika vifungu vya 41 hadi 44 kama ilivyotungwa, haikuweka malipo ya mkupuo yanayopangwa kwa hiari ya mwajiri. Imeorodhesha stahiki mbalimbali, kila moja ikiwa na sharti lake na msingi wake wa hesabu. Mfanyakazi anayeifahamu orodha hiyo anaweza kukaa na kalamu na karatasi, akapiga hesabu mwenyewe, na kubaini kama alicholipwa ndicho anachostahili.

Makala haya yanaeleza stahiki hizo moja baada ya nyingine, yanatoa mfano wa hesabu kamili na kuonyesha makosa yanayoweza kumpunguzia mfanyakazi haki yake au kumfanya adai kisichokuwepo.

Sheria inamhusu nani

Sheria hii inawahusu wafanyakazi wa Tanzania Bara. Askari na watumishi wa Jeshi la Wananchi, Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa hawamo, kwa kuwa wana sheria zao. Zanzibar nayo ina Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005, hivyo aliyeajiriwa huko anapaswa kutazama masharti ya sheria hiyo. Watumishi wa umma, kwa upande wao, wanaongozwa pia na sheria na kanuni za utumishi wa umma.

Kukosa mkataba wa maandishi hakumwondolei mtu hadhi ya kuwa mfanyakazi. Sheria inamtaka mwajiri kumpatia mfanyakazi maelezo ya maandishi kuhusu ajira yake, yakiwemo kazi anayofanya, tarehe ya kuanza, saa za kazi na ujira, na kuyatunza maelezo hayo kwa miaka mitano baada ya ajira kukoma. Iwapo mgogoro utafikishwa katika vyombo vya sheria na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba au maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unakuwa wake.

Ujira na mshahara wa msingi si kitu kimoja

Kabla ya kuanza hesabu yoyote, ni muhimu kutofautisha maneno mawili yanayotumika katika sheria. Ujira ni jumla ya malipo yote, kwa fedha au kwa vitu, anayopata au anayostahili mfanyakazi kutokana na ajira yake. Mshahara wa msingi ni sehemu tu ya ujira huo: ni malipo ya kazi iliyofanywa katika saa za kawaida. Posho haimo, wala malipo ya saa za ziada, nyongeza ya kufanya kazi siku ya mapumziko au sikukuu, na nyongeza ya kazi za usiku.

Tofauti hiyo ndiyo inayobadilisha majibu. Malipo badala ya notisi yanakokotolewa kwa ujira, lakini kiinua mgongo kinakokotolewa kwa mshahara wa msingi. Anayetumia msingi mmoja kwa stahiki zote atakosea, ama kwa kujipunja au kwa kujizidishia.

Jambo la pili ni kiwango cha siku. Wapo wanaogawanya mshahara wa mwezi kwa siku 30 kwa kuwa ndivyo kalenda inavyoonyesha. Jedwali la Kwanza la Sheria limeweka utaratibu tofauti: mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333, ambayo ni wastani wa idadi ya wiki katika mwezi, ikizidishwa kwa idadi ya siku ambazo mfanyakazi hufanya kazi kwa wiki. Kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki, kigawanyo ni takribani 26. Kwa anayefanya kazi siku tano, kigawanyo ni 21.665. Ili kupata kiwango cha wiki, mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 pekee.

Kwa mfanyakazi anayelipwa kwa kipimo kisicho cha muda, kwa mfano anayelipwa kulingana na idadi ya bidhaa alizotengeneza, sheria inamhesabu kuwa analipwa kwa wiki, na kiwango chake kinapatikana kutokana na kipato cha wiki 13 zilizotangulia, au kipindi chote cha ajira iwapo hakijafika wiki hizo.

Stahiki sita za kukagua

Kifungu cha 44 kinamtaka mwajiri, ajira inapositishwa, kulipa mambo yafuatayo kadiri kila moja linavyostahili:

1. Ujira wa kazi iliyofanyika kabla ya ajira kusitishwa;
2. Malipo ya likizo ya mwaka ambayo mfanyakazi alistahili lakini hakuichukua;
3. Malipo ya likizo iliyolimbikizwa katika mzunguko wa likizo ambao haujakamilika;
4. Malipo badala ya notisi, pale ambapo notisi haikutolewa;
5. Kiinua mgongo, kwa mwenye sifa;
6. Usafiri au nauli ya kurejea mahali alipoajiriwa, kwa mwenye sifa.

Aidha, mwajiri anatakiwa kumpatia mfanyakazi cheti cha utumishi. Cheti hicho hakina thamani ya fedha, lakini ni kumbukumbu rasmi ya kazi aliyoifanya, na mfanyakazi anapaswa kukidai sawa na stahiki nyingine.

Ujira wa siku zilizofanyiwa kazi

Hii ni stahiki isiyo na masharti. Hata mfanyakazi aliyeachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu uliothibitika analipwa siku alizofanya kazi. Hesabu yake ni ujira wa siku mara idadi ya siku za kazi katika mwezi husika, pamoja na malimbikizo yoyote ya mishahara au saa za ziada ambayo hayajalipwa.

Likizo

Mfanyakazi anastahili likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo katika kila mzunguko wa likizo, zikiwemo sikukuu zinazoangukia ndani ya kipindi hicho. Mwajiri ndiye anayepanga muda wa likizo, lakini inapaswa kuchukuliwa ndani ya miezi sita baada ya mzunguko kumalizika. Muda huo unaweza kufika miezi 12 iwapo mfanyakazi ameridhia na mahitaji ya uendeshaji yanalazimu hivyo.

Ajira inapositishwa katikati ya mzunguko, likizo iliyolimbikizwa inakokotolewa kwa mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 ambazo mfanyakazi alifanya kazi au alistahili kufanya kazi. Kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki, mwaka mzima una takribani siku 312 za kazi. Zikigawanywa kwa 13 zinapatikana siku 24 za malipo, ambazo ndizo siku za kazi zilizomo katika wiki nne za likizo. Hivyo, kanuni ya siku 13 inalingana na likizo ya siku 28.

Notisi

Muda wa chini wa notisi unategemea aina ya ajira. Katika mwezi wa kwanza wa ajira ni siku saba. Baada ya hapo ni siku nne kwa mfanyakazi aliyeajiriwa kwa kutwa au kwa wiki, na siku 28 kwa aliyeajiriwa kwa mwezi. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, mradi muda huo uwe sawa kwa mwajiri na mfanyakazi.

Notisi inapaswa kuwa ya maandishi, ikieleza sababu za kusitisha ajira na tarehe iliyotolewa. Hairuhusiwi kutolewa mfanyakazi akiwa likizo, wala siku za notisi kuhesabiwa sambamba na siku za likizo. Kwa hiyo, mwajiri anayemwambia mfanyakazi kwamba "likizo yako ndiyo notisi yako" anakwenda kinyume cha sheria.

Badala ya kutoa notisi, mwajiri anaweza kulipa ujira ambao mfanyakazi angeupata kama angefanya kazi katika kipindi hicho. Kwa upande mwingine, mfanyakazi aliyepewa notisi akakataa kufanya kazi anaweza kukatwa kiasi hicho katika malipo yake ya mwisho.

Kiinua mgongo

Kifungu cha 42 kinaweka kiwango cha chini: mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi mfululizo kwa mwajiri huyo, usiozidi miaka kumi. Masharti ni mawili: mfanyakazi awe amekamilisha miezi 12 ya utumishi mfululizo, na mwajiri awe ndiye aliyesitisha ajira.

Maneno "mwaka uliokamilika" yana uzito. Aliyefanya kazi miaka sita na miezi tisa anahesabiwa miaka sita. Aliyefanya kazi miezi 11 hana kiinua mgongo kwa mujibu wa kifungu hiki, ingawa anabaki na stahiki nyingine. Ukomo wa miaka kumi nao haupaswi kusahaulika: mwenye miaka 14 ya utumishi anahesabiwa siku 70, na si siku 98.

Kiinua mgongo cha kisheria hakilipwi katika mazingira yafuatayo: mfanyakazi ameachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, mfanyakazi amesitishwa kwa sababu ya uwezo, kutopatana kikazi au mahitaji ya uendeshaji, lakini amekataa bila sababu ya msingi kazi mbadala aliyopewa, mfanyakazi amefikia umri wa kustaafu, au mkataba wa muda maalumu umefikia ukomo wake. Anayejiuzulu kwa hiari naye hana sifa, kwa kuwa si mwajiri aliyesitisha ajira. Hata hivyo, sheria inatambua kuwa mfanyakazi aliyelazimika kuondoka kwa sababu mwajiri aliyafanya mazingira ya kazi yasivumilike ni sawa na aliyesitishwa ajira na mwajiri.

Kiwango cha siku saba ni cha chini tu. Mkataba, makubaliano ya pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, au kanuni za taasisi zinaweza kuweka kiwango kikubwa zaidi. Katika upunguzaji wa wafanyakazi, mwajiri anatakiwa kutoa taarifa mapema ya kusudio lake na kushauriana kuhusu sababu za upunguzaji, hatua za kuuepuka, vigezo vya kuwachagua wanaopunguzwa, wakati wa kuutekeleza na malipo ya kiinua mgongo. Mashauriano hayo ni nafasi ya wafanyakazi kujadili kiasi kinachozidi kile cha chini.

Usafiri

Stahiki hii inamhusu mfanyakazi ambaye ajira yake imekoma mahali tofauti na pale alipoajiriwa. Mwajiri anaweza kumsafirisha yeye na mizigo yake, kulipia usafiri huo, au kumpa posho ya usafiri isiyopungua nauli ya basi hadi kituo kilicho karibu na mahali alipoajiriwa, pamoja na gharama za kujikimu kila siku kwa kipindi cha kusubiri kusafirishwa.

Ikumbukwe kuwa sheria inazungumzia mahali alipoajiriwa, na si mahali alipozaliwa. Mzaliwa wa Tabora aliyekwenda Dar es Salaam kwa shughuli zake na akapata kazi akiwa huko hana dai la nauli ya kurudi Tabora. Aliyefuatwa na mwajiri au wakala wake Tabora na kupelekwa Dar es Salaam kufanya kazi analo dai hilo.

Mfano wa hesabu

Chukua mfano wa fundi mitambo wa kiwanda kimoja jijini Dar es Salaam. Anafanya kazi siku sita kwa wiki. Mshahara wake wa msingi ni Sh. 780,000 kwa mwezi na posho ni Sh. 130,000, hivyo ujira wake ni Sh. 910,000. Ametumikia miaka sita na miezi saba na nusu. Likizo za mizunguko iliyopita alizichukua zote. Ajira yake inasitishwa katikati ya mwezi kutokana na upunguzaji wa wafanyakazi, akiwa amefanya kazi siku 13 za mwezi huo, na mwajiri anaamua kulipa badala ya kutoa notisi.

Hatua ya kwanza ni kupata viwango vya siku. Mshahara wa msingi, Sh. 780,000, ukigawanywa kwa 26 unatoa Sh. 30,000 kwa siku. Ujira, Sh. 910,000, ukigawanywa kwa 26 unatoa Sh. 35,000 kwa siku.

Hatua ya pili ni ujira wa siku alizofanya kazi: siku 13 mara Sh. 35,000 ni Sh. 455,000.

Hatua ya tatu ni likizo ya mzunguko ambao haujakamilika. Miezi saba na nusu ina takribani siku 195 za kazi. Zikigawanywa kwa 13 ni siku 15. Siku 15 mara Sh. 30,000 ni Sh. 450,000.

Hatua ya nne ni notisi. Siku 28 ni wiki nne. Ujira wa wiki ni Sh. 910,000 kugawanya kwa 4.333, yaani takribani Sh. 210,000. Kwa wiki nne ni takribani Sh. 840,000. Iwapo mkataba wake unataja notisi ya mwezi mmoja, atalipwa ujira wa mwezi mzima, Sh. 910,000.

Hatua ya tano ni kiinua mgongo. Miaka iliyokamilika ni sita. Siku saba mara sita ni siku 42. Siku 42 mara Sh. 30,000 ni Sh. 1,260,000.

Jumla ni takribani Sh. 3,005,000, kabla ya makato ya kisheria. Kama fundi huyo aliajiriwa mkoa mwingine na kupelekwa Dar es Salaam, nauli na gharama za kujikimu zinaongezwa juu ya kiasi hicho.

Makosa yanayobadilisha majibu

Mfano huo unaonyesha jinsi kosa dogo linavyoweza kugharimu. Mwajiri akigawanya mshahara wa msingi wa fundi huyo kwa 30, kiwango cha siku kitakuwa Sh. 26,000 na kiinua mgongo kitashuka hadi Sh. 1,092,000. Mfanyakazi atakuwa amepunjwa Sh. 168,000 katika stahiki hiyo moja, na kosa hilo hilo litajirudia katika likizo na ujira wa siku alizofanya kazi.

Kwa upande mwingine, fundi huyo akikokotoa kiinua mgongo kwa ujira wake wote, pamoja na posho, atapata Sh. 1,470,000 na kuamini kuwa amedhulumiwa Sh. 210,000, ilhali mwajiri amelipa sawasawa. Dai la aina hiyo linaweza kumpotezea muda na kudhoofisha madai yake mengine ambayo ni halali.

Idadi ya siku za kazi kwa wiki nayo ina athari. Kama fundi huyo angekuwa anafanya kazi siku tano kwa mshahara ule ule, kiwango cha siku kingekuwa takribani Sh. 36,000, na kiinua mgongo kingefika takribani Sh. 1,512,000. Hivyo, haifai kuchukua hesabu ya mfanyakazi mwenzake na kuinakili bila kuangalia ratiba yake mwenyewe.

Makato

Kiasi kinachoingia mkononi hakitakuwa sawa na jumla iliyokokotolewa. Malipo yatokanayo na ajira, yakiwemo yanayotolewa kwa sababu ya kusitishwa kwake, yanaingia katika hesabu ya kodi ya mapato. Mfanyakazi anapaswa kulinganisha jumla kabla ya makato, kisha kukagua kila kato kwa sababu yake.

Mwajiri haruhusiwi kukata atakavyo. Makato yanayokubalika ni yale yanayotakiwa au kuruhusiwa na sheria, amri ya mahakama, makubaliano ya pamoja, amri ya mishahara au tuzo ya uamuzi, pamoja na yale ya deni ambayo mfanyakazi ameyakubali kwa maandishi. Kwa hasara au uharibifu wa mali, mwajiri anapaswa kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi na nafasi ya kupinga. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi. Kiasi kisizidi hasara halisi. Na makato hayo yasizidi robo ya ujira wake wa fedha.

Yaliyo nje ya hesabu hii

Mambo mawili hayapaswi kuchanganywa na stahiki zilizoelezwa. La kwanza ni mafao ya hifadhi ya jamii. Michango iliyopelekwa katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) ni haki inayojitegemea, na madai yake, likiwemo fao la kukosa ajira kwa mwenye sifa, yanawasilishwa kwa Mfuko. Sheria inaeleza wazi kuwa malipo ya kiinua mgongo hayaathiri haki ya mfanyakazi kupata malipo mengine chini ya sheria hiyo au sheria nyingine yoyote. Mwajiri hawezi kusema kuwa michango ya NSSF ndiyo kiinua mgongo.

La pili ni fidia ya kusitishwa ajira isivyo halali. Mwajiri anatakiwa kuwa na sababu halali na kufuata utaratibu wa haki, na yeye ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha hayo. Pale inapothibitika vinginevyo, mfanyakazi anaweza kurejeshwa kazini au kulipwa fidia, na fidia hiyo ni nyongeza ya stahiki nyingine, si mbadala wake. Kupokea stahiki na kuhoji uhalali wa kuachishwa kazi ni mambo mawili tofauti. Kinga hiyo dhidi ya kusitishwa isivyo halali haimhusu aliyetumikia chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo, lakini ujira wa siku alizofanya kazi na notisi yake vinabaki pale pale.

Muda hausubiri

Mgogoro usipopata ufumbuzi kazini, chombo cha kuanzia ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004. Mgogoro unawasilishwa kwa kujaza Fomu Na. 1 ya Tume, na hatua ya kwanza ni usuluhishi, ambapo pande mbili husaidiwa kufikia makubaliano.

Kanuni za Tume za mwaka 2007 zimeweka ukomo wa muda. Mgogoro kuhusu uhalali wa kusitishwa ajira unapaswa kuwasilishwa ndani ya siku 30 tangu ajira iliposititishwa au mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Migogoro mingine, ikiwemo ya madai ya malipo, ina siku 60 tangu ilipotokea. Aliyechelewa anapaswa kuomba kuongezewa muda na kutoa sababu za msingi, na maombi hayo yanaweza kukataliwa.

Hapo ndipo hesabu ya mapema inapokuwa na thamani. Mfanyakazi anayeahidiwa kuwa "malipo yanashughulikiwa" anaweza kusubiri kwa imani njema hadi siku zikapita. Kuendelea kuzungumza na mwajiri ni jambo jema, lakini mazungumzo hayo peke yake si sababu ya kuacha kuhesabu siku.

Hatua za kuchukua

Mfanyakazi anayepokea barua ya kusitishwa ajira anashauriwa kwanza kukusanya nyaraka zake: mkataba au maelezo ya ajira, hati za malipo ya mshahara, kumbukumbu za likizo, barua yenyewe na taarifa ya michango ya NSSF. Pili, aombe mchanganuo wa maandishi wa malipo yake, kwa kuwa sheria inataka kila malipo ya ujira yaambatane na maelezo ya maandishi. Tatu, akokotoe kila stahiki kivyake na kuilinganisha na mchanganuo huo, mstari kwa mstari.

Nne, asisaini tamko lolote la kutokuwa na madai kabla ya kumaliza ukaguzi huo. Iwapo anahitaji kupokea fedha ambazo hazina ubishi, ahakikishe hati anayosaini inaeleza ni malipo ya nini. Tano, anapobaini tofauti, amwandikie mwajiri akionyesha hesabu yake na kifungu anachokitegemea, na abaki na nakala. Kosa la kigawanyo linaweza kurekebishwa kwa barua moja bila kufika mbele ya msuluhishi.

Ushauri huo unawafaa pia waajiri. Mchanganuo ulio wazi, unaoonyesha kiwango cha siku, idadi ya miaka na sababu ya kila kato, unamwondolea mfanyakazi shaka na kumwepusha mwajiri na mgogoro ambao usingekuwepo.

Pale ambapo maelezo zaidi yanahitajika, mwananchi anaweza kufika katika ofisi ya kazi iliyo karibu kuonana na Afisa Kazi, kuwasiliana na chama chake cha wafanyakazi, au kufika ofisi za CMA. Aende na nyaraka zake pamoja na hesabu aliyoifanya, na awe ameandika tarehe ambayo ajira yake ilisitishwa, kwa kuwa siku 30 zinahesabiwa kuanzia hapo.